Bega la Kubebea Jeneza

Nyange aliumia bega mazikoni, na lau angeumia kwa huzuni pengine watu wangemhurumia. Aliumia kwa kugombea nafasi.

Kila mtu wa Tibirinzi, hapo Chake Chake, Pemba, alijua kwamba maiti akishatolewa mlangoni, mti wa mbele wa kushoto wa jeneza ni wa Nyange. Hakuna aliyempa. Alijipa mwenyewe, zaidi ya miaka thelathini nyuma, kwa kuwahi na kwa kiwiliwili, maana alikuwa mrefu, kifua kipana, na kazi yake ya ukarani katika ofisi ya ardhi haikumchosha hata kidogo. Wenzake walibeba hatua kumi au ishirini, wakapisha na wengine wapate thawabu. Nyange alibeba tangu mlangoni mpaka kaburini, na ukimgusa ili umpokee, hasikii. Yeye aliona huo ni ucha Mungu. Mkewe, Kazija, aliona ni kupenda sifa, na hakuwahi kumficha.

Siku hiyo alikuwa akizikwa Mzee Mjaka, aliyeondoka duniani na unene wake wote. Ahmada, fundi mafriji wa mtaa wa pili, kijana kwa Nyange kwa miaka kumi, alimgusa bega ampokee. Nyange akazidisha sauti ya La ilaha illa Llah. Akamgusa tena. Mara ya tatu Ahmada hakugusa, aliingiza bega lake chini ya mti, wakawa wawili kwenye nafasi ya mmoja, wanasukumana huku wanamtaja Mungu. Ndipo mguu wa Nyange ukaingia mtaroni. Mtu mwenye akili angeachia. Nyange alishikilia. Mwili ukashuka mtaroni, mkono ukabaki juu na jeneza, na ndani ya bega kitu kikalia kama kitambaa kinachochanwa.

Mzee Mjaka hakutikisika. Alikwenda zake na Ahmada. Nyange alibaki mtaroni, na kwa vile watu walikuwa wakimtazama, ukelele uliomtoka aliumalizia kwa tahalili.

Sasa, bega si roho, na karani anaweza kuishi bila ya kunyanyua mkono. Lakini Nyange alikuwa na deni lisilolipika kwa mkono mmoja. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, akalelewa na mjomba wake, Mzee Ngwali. Siku ya kumzika baba, katika vumbi na msongamano, mjomba alimwita kwa sauti kubwa, "Nyange, njoo mbele!" Akenda mbele. Tokea siku ile hakurudi nyuma tena. Na majeneza yote aliyobeba, ya ndugu na ya wasiomhusu, moyoni mwake yalikuwa mazoezi ya jeneza moja. Mjomba sasa alikuwa na miaka themanini na tisa, haendi mbali na kitanda chake, na moyo wake, kwa maneno ya madaktari, ulikuwa umechoka. Nyange aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba siku hiyo itafika, na yeye hatakuwepo mbele.

Alianza kwa Bi Kijakazi, mkandaji. Bibi alimpaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akamvuta, akamzungusha, machozi yakamtoka Nyange mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja zamu. Mara ya tatu bibi akafuta mikono yake.

"Hapa hapana mshipa uliotenguka, mwanangu. Huu umekatika. Nenda hospitali, usinitie dhambini."

Hayo ndiyo maneno ya busara kuliko yote aliyoambiwa mwaka ule. Nyange akayachukua kuwa bibi kashindwa kazi, akarudi nyumbani, akangoja miezi miwili bega lijirudie lenyewe. Halikujirudia. Akisali, mkono wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia ukaishia kiunoni. Shati alivishwa na Kazija, aliyekuwa akimuuliza kila asubuhi, huku anafunga vifungo, kama Mzee Mjaka ameshatuma salamu za shukurani.

Hatimaye alikwenda. Picha ya hospitali ikaonesha mifupa mizima; kipimo cha MRI alichofuata Unguja kikaonesha kano iliyochanika juu ya bega. Akaambiwa panahitajika daktari wa upasuaji anayefanya mabega kwa kamera: hakupasui, anatoboa matundu madogo, anatia kamera nyembamba kwa tundu moja na vyombo kwa jengine, anaishona kano humo humo ndani. Na huyo itabidi amtafute Dar.

Nyange akatangaza shida yake barazani, na barazani hapakosekani daktari wa kukupa. Mmoja alimjua bingwa wa magoti. Wa pili alimsifia sana daktari aliyemtoa shemegi yake mtoto wa jicho. Alipoulizwa jicho na bega vinahusiana vipi, alisema vyote viko juu. Ahmada alikuja na jina la mtu aliyemtibu ng'ombe wake. Nyange akaandika yote kwenye daftari, hata hilo la ng'ombe.

Aliyemwokoa ni Thuraiya, binti wa ndugu yake, ambaye kazi yake hospitali ilikuwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alilipitia daftari, akalifunga, akachana karatasi akaandika maswali matatu.

"Ami, unamuuliza hivi. Mabega ameshafanya mangapi kwa kamera. Wasiopona vizuri huwa wamepatwa na nini. Na ukirudi Pemba, nani atakusimamia mazoezi, na kwa muda gani. Usitoke chumbani mwake hujajibiwa."

Nyange akaitia karatasi mfukoni, akavuka bahari.

Daktari wa kwanza alikuwa na meza kubwa, na vyeti ukuta mzima. Alimkaribisha kwa jina, akamsifu kwa kifua chake, akamwambia hilo ni jambo dogo, wiki mbili atarudi kazini. Nyange aliigusa karatasi mfukoni. Kumuuliza mtu mzima, tena msomi, kwamba hii kazi ameshaifanya mara ngapi, aliona ni sawa na kumuuliza imamu kama Alhamdu anaijua. Akaiacha karatasi mfukoni. Usiku huo huo Thuraiya akapiga simu.

"Umemuuliza mabega mangapi?"

"Nimemuuliza habari za watoto. Hawajambo."

"Ami!"

"Wiki mbili tu, Thuraiya. Kasema wiki mbili."

"Basi huyo hajawahi kukaa na mgonjwa wiki ya tatu. Kesho nenda kwa huyu nitakayekutumia jina lake. Na karatasi uishike mkononi."

Wa pili alikuwa mwanamke mfupi, Dokta Zuweina, mzaliwa wa Makangale, aliyekuwa akila muhogo wa kuchemsha mezani kwake. Nyange aliingia ameshika karatasi mbele ya kifua kama mtoto aliyetumwa dukani. Daktari akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma, akatabasamu.

"Aliyeandika haya anajua kazi. Mabega mia mbili na kumi na nne, na lako litakuwa la mwisho kwa mwezi huu. Wasiopona wengi wao si kwamba mshono wangu uliachia. Waliuachisha wenyewe. Sikiliza, Mzee Nyange. Matundu yangu ni madogo, yatapona ndani ya wiki mbili. Kano haijui kuwa tundu ni dogo. Nikiishona kwenye mfupa inataka muda wake kushikana. Wiki sita mkono utakuwa kwenye mkoba wa kuning'inizia, hata kulala nao. Halafu mazoezi, kidogo kidogo. Kitu kizito, miezi sita."

"Miezi sita?" Nyange akahesabu kwa vidole vya mkono mzima. Wakati huo Idi ndogo ilikuwa imepita siku chache tu. "Mpaka Maulidi yapite?"

"Yapite kabisa."

"Na jeneza, daktari? Maana jeneza si zito. Tunakuwa wengi."

Dokta Zuweina akaweka muhogo chini. Huenda alizoea kuulizwa habari za gunia na ndoo.

"Kuna mtu wako anaumwa?"

"Mjomba wangu."

"Mungu amweke. Lakini jeneza na wewe, miezi sita."

Nyange alifanyiwa upasuaji mwezi huo huo, akarudi Chake Chake na mkono mkobani, analala ameketi kwenye kiti kwa sababu akilala chali bega linawaka moto. Watu wakaja kumjulia hali, makundi kwa makundi, na kila mmoja alinyoosha mkono wa kulia kumpa. Na Nyange, mtu wa adabu, kila mara alianza kuutoa wake mkobani, mpaka Kazija akaketi karibu yake na upawa, akawa anamgonga nao kifundo.

Kisha wakataka kuona. Wamesikia upasuaji, Dar, dawa ya usingizi saa mbili. Nyange akafunua. Kulikuwa na alama tatu, kila moja kiasi cha punje ya choroko. Baraza zima likaziinamia kwa heshima, kama watu wanaooneshwa mtoto asiyekuwa mzuri.

"Hivi tu?" akauliza Ahmada. "Mie nikichuma ndimu naumia zaidi, yakhe."

Nyange aliona haya. Alitamani mshono mrefu, wa kutisha, kutoka shingoni mpaka kiwikoni. Na ubaya wa mtu kuonea haya matundu yake ni kwamba polepole anaanza kukubaliana na Ahmada.

Mjomba Ngwali ndiye peke yake ambaye hakutaka kuona matundu. Aliuliza muda.

"Miezi sita, mjomba. Maulidi yapite."

Mzee akatazama dari, midomo inahesabu.

"Basi n'tangoja," akasema. "Lakini usincheleweshe sana. N'na watu wananingoja huko."

Mkoba ulipotoka, wiki ya saba, Thuraiya alichagua ukuta wa chumba cha mjomba kuwa wa mazoezi, kwa sababu alimjua ami yake: peke yake angedanganya. Nyange alisimama akiuelekea ukuta, akaweka vidole juu ya chokaa, akavitembeza kwenda juu, kimoja baada ya kimoja, na bega nyuma yake likilalamika. Pale vilipokwama, Thuraiya alipiga mstari kwa mkaa. Siku ya kwanza mstari ulikuwa usawa wa kitovu. Mzee alicheka kitandani mpaka akakohoa.

Lakini kila siku baada ya Alasiri Nyange alikuja, na mjomba akawa msimamizi mkali kuliko hospitali nzima. "Rejea. Hujafika, weye unatumia kiuno. Mie nakuona." Mistari ikapanda, ya kifua, ya kwapa. Nyange akawa anaringa nayo, anawaleta watu chumbani kwa mgonjwa ili waone ukuta.

Wiki ya kumi alifariki Bi Tatu, jirani, kikongwe mwembamba. Nyange alikwenda mazikoni na nia safi kabisa ya kufuata nyuma. Nia ilidumu mpaka jeneza lilipotoka mlangoni na Ahmada akaonekana mti wa mbele, anajipangusa bega kwanza kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. Bi Tatu, Nyange akajiambia, ana uzito gani? Na matundu yenyewe yale. Akajipenyeza, akaweka bega. Alikwenda hatua nne. Ya tano aliketi barabarani.

Kano haikukatika, Dokta Zuweina alisema hivyo kwenye simu baada ya Thuraiya kumpima, na alisema na mengine ambayo Nyange hakumhadithia Kazija. Lakini alirudishwa mkobani wiki tatu, na alipoanza tena, mstari ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kitovu.

Siku hiyo mzee hakucheka.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Mjomba, nakusudia wewe. Ulinambia nije mbele. Siku ya baba. Sijasahau hata siku moja."

Mzee alimtazama kama anayetafuta kitu alichokiweka zamani sana.

"Mbele," akasema. "Subhana Llah. Nyange, ulikuwa mtoto mdogo, watu wamejaa, nikahofu watakukanyaga. Ndiyo nkakwita. Mie sikukupa kazi."

Nyange alibaki na vidole ukutani. Miaka arubaini na saba ya kusukumana, kuwahi, kutegea watu viwiko, kuacha chai ya moto mezani kila ukisikika msiba, na yote yalijengwa juu ya mtu aliyekuwa akimkinga mtoto asikanyagwe. Alitaka kucheka, akaona hawezi. Akauliza kama anaweza kuendelea na mazoezi, na mzee akamwambia aendelee, na asitumie kiuno.

Mzee Ngwali alijitahidi kungoja. Maulidi yalisomwa, akasikiliza kwa dirishani, akaomba apewe haluwa. Ilibakia wiki mbili na siku mbili kutimia miezi sita alipofariki, baada ya Adhuhuri, akiwa na Kazija na tasbihi yake.

Nyange alikuwa ameshaapa. Alimwapia Thuraiya, alimwapia Kazija, alimwapia daktari kwenye simu. Atafuata nyuma. Alisimama kwenye ukumbi mikono ameikunja, amefanya uso wa mtu mzima. Kisha jeneza likanyanyuliwa, likapita mbele yake na ile shuka ya kijani, akajua kwamba ndani yake ndimo alimo yule aliyemwita, na hakuna kiapo kilichobakia. Alikwenda kwa kifua chake chote.

Mti wa mbele wa kushoto alikuwepo Ahmada. Nyange akaingiza bega. Ahmada, bila ya kugeuka, akamzuia kwa mgongo.

"Nipishe!"

"Sikupishi."

"Ahmada, huyu ni wangu! Nipishe, mbwa we!"

Neno hilo lilisikika mbele ya jeneza, mchana, na masheha wawili wakiwepo. Ahmada akazidi kukaza mgongo, na ndipo Nyange alipoona kwamba machozi yanamtiririka.

"Mzee kaniita juzi," akasema Ahmada huku anakwenda. "Kanishikisha msahafu. Kasema, 'Nyange hatajizuia, namjua. Weye ndiye wa kumzuia, maana wengine watamuonea huruma.' Rudi nyuma, Nyange. N'naapa sikupishi."

Nyange akasimama katikati ya barabara, watu wakampita kulia na kushoto, mpaka akabaki na wa mwisho: wenye fimbo, wenye pumu, wanaosimama kufunga kiatu. Kwa mara ya kwanza tangu umri wa miaka saba alikuwa nyuma ya jeneza, halioni ila shuka juu ya vichwa vya watu, kwa mbali, linakwenda haraka. Akalia kwa sauti. Huko nyuma hakuna aliyeshangaa, karibu wote walikuwa wakilia.

Hitima ikasomwa, watu wakatawanyika. Siku ya tano Thuraiya akaja na kumwita chumbani kwa mzee. Nyange alisema hakuna haja tena, bega lipone kwa ajili ya nani. Thuraiya akamwambia avue koti. Akaweka vidole ukutani, akavitembeza, akapita mstari wa kifua, wa kwapa, na juu ya ule wa mwisho, usawa wa juu ya kichwa chake, akakuta mstari mwengine, umepinda, wa mkono unaotetemeka.

"Huu nani kaupiga?"

"Yeye," akasema Kazija mlangoni. "Jioni yake ya mwisho, ulipokwishaondoka. Nilimshika kiunoni akapanda juu ya kitanda. Kasema siku utakayoufikia huu, uende kwa Ahmada ukamuombe radhi."

"Radhi ya nini? Jioni ile nilikuwa sijamfanya kitu."

"Kasema lazima utakuwa umeshamtukana."

Alichukua siku kumi na moja kuufikia, na hakutumia kiuno. Alipoufikia alivaa kanzu, akenda mtaa wa pili. Ahmada alikuwa ameketi kizingitini na friji la mtu, bisibisi mkononi. Nyange akamwamkia, akamwomba radhi kwa neno alilolisema, akaomba na kwa Mzee Mjaka, na kwa Bi Tatu, na kwa miaka yote ya viwiko. Ahmada akamwambia yamekwisha. Akamsogezea kigoda, akaendelea na friji lake. Baadaye akasema, bila ya kunyanyua uso:

"Alikuwa mwepesi."

"Nani?"

"Mjomba wako. Mwepesi mno, Nyange. Nilikaza bega kwa uzito, hapana uzito. Hata weye na bega lako lile ungemuweza."

Nyange akaangalia chini. Miezi yote ile alikuwa akijitayarisha kubeba mtu mkubwa, yule aliyemuona alipokuwa na miaka saba. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka juu ya goti.

"Mie nilikuwa nyuma," akasema. "Sikuona kitu. Hebu nihadithie, tokea mlangoni."

Ahmada akaweka bisibisi chini, akamhadithia.